Kumrudisha mtoto shuleni baada ya ugonjwa mzito, hatua kwa hatua

Siku mwanangu aliporudi shuleni, baada ya miezi 11 ya kutibiwa saratani ya damu, sote tulikuwa tumejiandaa. Wenzake walimpigia makofi, mwalimu alifuta machozi, na yeye akarudi nyumbani amechoka lakini anacheka. Nikadhani tumeshavuka. Shida zilikuja wiki ya tatu, makofi yalipokwisha na nywele zilipoanza kuota. Kila aliyemtazama alimwona mzima. Hapo ndipo alipoanza kusinzia darasani, kusahau alichofundishwa jana yake, na kuniletea madaftari yenye wino mwekundu: "Ongeza bidii."

Ndiyo maana mwongozo huu hauishii siku ya kwanza. Nimeuandika kwa kuangalia wiki ile ya tatu na miezi iliyofuata. Mifano mingi ni ya saratani kwa kuwa ndiyo niliyoishi nayo, ila hatua ni zilezile kwa mtoto aliyetoka kwenye homa ya uti wa mgongo, upasuaji wa moyo, ugonjwa wa figo au jeraha la kichwa.

Hatua ya 1: Jina lake lisifutike

Kurudi shuleni kunaanza mtoto angali kitandani. La kwanza ni la ofisini: mpelekee mwalimu mkuu barua ya hospitali mapema, ili mtoto asihesabiwe mtoro wala kuondolewa kwenye daftari la mahudhurio. Halafu tafuta mwalimu mmoja tu wa kuwasiliana naye. Si lazima awe mwalimu wa darasa. Awe yule anayepokea simu.

Masomo ya wodini yapimwe kwa nguvu za siku hiyo. Baadhi ya hospitali zina walimu wao. Kama yenu inao, watumie. Kama haina, usiombe kila kilichofundishwa darasani, utamzamisha mtoto na wewe mwenyewe. Mwombe mwalimu akutajie mada ambazo zikikosekana, nyingine hazisimami. Hisabati ndiyo inayouma zaidi hapa: aliyekosa somo la sehemu (nusu, robo) atakwama kwenye desimali, akikwama kwenye desimali asilimia nazo zitamshinda. Historia inaweza kusubiri. Dakika 20 za kusoma katika siku nzuri zinatosha, na siku ya homa asisome kabisa.

Usiwasahau marafiki. Ujumbe wa sauti, picha, hata fumbo la hesabu walilotungiana, vyote vinamfanya abaki mwanafunzi wa darasa lile. Mwanangu alikuwa na rafiki mmoja aliyemsimulia kila wiki nani kagombana na nani. Habari zile zilimsaidia kuliko madaftari yote niliyombebea.

Hatua ya 2: Muulize daktari maswali ya shule

Daktari akisema "sasa anaweza kurudi shule", hiyo ni ruhusa. Maelekezo bado hujapewa. Uliza, na uandike majibu palepale, maana ukifika nyumbani nusu yake imepotea.

Uliza kwanza kama ni lazima kungoja matibabu yaishe. Mara nyingi si lazima. Matibabu ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua kati ya miaka 2 na 3, na ile miezi mikali ya mwanzo ikipita, watoto wengi hurudi darasani huku wakiendelea na vidonge nyumbani. Ukingoja dozi ya mwisho, mtoto atakuwa amepoteza sehemu kubwa ya utoto wake kwa kungoja.

Uliza kuhusu maambukizi. Dawa kali hupunguza nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na daktari huangalia hesabu yake kabla ya kuruhusu shule. Mafua ya kawaida ya wenzake hayatakosekana, wala hutaweza kumfungia mtoto kwenye chupa. Mambo mawili lakini hayana mjadala. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, bila kuishusha kwa dawa kwanza, kwa sababu dawa inaficha dalili huku vijidudu vikiendelea na kazi yao. La pili ni tetekuwanga na surua. Mwenzake darasani akipata mojawapo, nawe ujue siku hiyohiyo, kwani kinga anayoweza kupewa mtoto aliyekaa karibu na mgonjwa ina muda wake: kwa surua ni ndani ya siku 6. Chanjo za mtoto mwenyewe mwulize daktari. Zile zenye vijidudu hai hazitolewi wakati wa tibakemikali, yaani zile dawa kali za saratani.

Uliza kuhusu michezo na mizigo. Chembe sahani zikiwa chache damu haigandi vizuri, kwa hiyo mpira wa kugongana unasubiri. Aliyepasuliwa kifua kwa ajili ya moyo anahitaji kama wiki 6 hadi 8 mfupa wa kifua uunge, na katika muda huo asibebe mkoba mzito wala kunyanyua viti. Lakini uliza pia anachoruhusiwa, na ukiandike kwa mkazo uleule. Walimu wakipewa orodha ya makatazo peke yake, humweka mtoto kwenye benchi mwaka mzima.

Sasa yale yasiyoonekana, ambayo mimi sikuyauliza na nikajuta.

Masikio. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria inaweza kuharibu usikivu, na dawa ya saratani iitwayo sisplatini vilevile. Sisplatini huanza kula sauti nyembamba. Mtoto anasikia kwamba mwalimu anasema, ila "s", "f" na "sh" zinampotea, hasa darasa likiwa na kelele. Anajibu lisiloulizwa. Anaonekana mkaidi au mzembe. Apimwe masikio kabla hajarudi shule, hata kama nyumbani mnaongea naye vizuri.

Vidole. Vinkristini, dawa inayotumika sana kwa saratani za watoto, huumiza mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mwandiko unaharibika, kalamu inadondoka, vifungo vya shati vinamshinda, anajikwaa kwenye ngazi. Kwa wengi hali hii hupungua baada ya dawa kusimama, lakini inachukua miezi.

Na akili. Mionzi ya kichwani, uvimbe wa ubongo, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa: vyote vinaweza kuacha mtoto mwenye akili zake timamu lakini anayefikiri polepole kuliko zamani, anayeshika mawili pale ulipomwambia manne. Baya la mionzi ni kwamba athari zake zinaweza kujitokeza baada ya miaka, masomo yanapokuwa magumu, wakati watu wameshasahau kwamba aliugua. Kama yumo katika kundi hili, omba rufaa ya kupimwa na mwanasaikolojia kabla hajarudi, na kipimo kirudiwe baadaye.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja

Ripoti ya hospitali haisomwi na mwalimu mwenye wanafunzi chungu nzima. Ukurasa mmoja unasomwa. Wetu ulikuwa hivi, na unaweza kuubadili upendavyo:

Hali yake: Anatibiwa saratani ya damu. Haiambukizi. Anameza vidonge nyumbani, na mara moja kwa mwezi hukosa siku moja kwa ajili ya kliniki.

Tupigieni mara moja: akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akitetemeka, akitoka damu puani isiyokata kwa dakika 10, akigonga kichwa, au mtoto yeyote wa darasa lake akipata tetekuwanga au surua.

Msimpe: dawa yoyote, hata ya maumivu ya kichwa, kabla ya kutuuliza.

Asizuiwe: kwenda msalani, kunywa maji, kuvaa kofia, kupumzika.

Anaweza: kujibu maswali, kuimba, kutembea na kukimbia taratibu, kupewa kazi ya darasa, na kukanywa kama wenzake akikosea.

Kisha namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu asiye kazini na wewe.

Mtoto mwenye degedege aongezewe mstari wa kumlaza ubavu na kuangalia saa, kwa kuwa degedege likifika dakika 5 halijakoma, ni dharura. Anayetumia dawa za steroidi aongezewe kwamba hasira za ghafla, uso wa duara na njaa isiyoisha vinatokana na dawa. Mwalimu akilijua hili mapema, hatamwita mtoto mlafi mbele ya wenzake.

Mwonyeshe mtoto ukurasa kabla hujaupeleka. Wangu alifuta neno moja, "dhaifu", na alikuwa na haki.

Hatua ya 4: Kikao kabla ya kurudi

Kiwe wiki moja au mbili kabla, wawepo mwalimu mkuu au msaidizi wake, mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo na, kama yupo, mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu wa michezo ndiye husahauliwa, naye ndiye atakayekuwa na mtoto siku atakapoanguka.

Mambo ya mahali yanaamuliwa upesi: atakaa wapi (mbele, karibu na mlango), atapumzika wapi akichoka, na kama darasa liko ghorofani litashushwa au la. Kinachostahili muda wenu ni kazi za masomo. Hapa nina neno moja ambalo ningependa kila mwalimu alishike: punguzeni wingi, msipunguze ugumu. Kama wenzake wana hesabu 10, yeye afanye 5, lakini za kiwango kilekile. Akipewa kazi za watoto wadogo ataelewa mara moja mnamwonaje. Maelezo marefu ubaoni apewe yameshaandikwa, asiyanakili kwa vidole vinavyouma. Kwenye mitihani aombewe muda wa ziada, na pengine mtu wa kumwandikia. Mitihani ya taifa ina taratibu na tarehe zake za maombi, hivyo swali hili lisingoje muhula wa mwisho.

Kwenye nidhamu, kataa huruma iliyozidi. Mtoto aliyeachiwa afanye atakavyo kwa sababu "ameteseka" anawapoteza wenzake haraka sana. Watoto wana mizani ya haki iliyo kali kuliko yetu.

Ikitokea shule inasitasita kumpokea, usianze kwa ugomvi. Mara nyingi ni woga wa kufiwa na mtoto mikononi mwao. Barua ya daktari huondoa nusu ya woga huo. Ikishindikana, kumbusha kwa upole na kwa maandishi kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, kama kifungu cha 28 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinavyosema, kisha nenda ofisi ya elimu inayosimamia shule hiyo.

Hatua ya 5: Mtoto aamue wenzake waambiwe nini

Mgonjwa haulizwi uji, lakini hapa aulizwe. Ugonjwa umemnyang'anya uamuzi kwa miezi: kuchomwa, kulazwa, kunyolewa. Habari za mwili wake ni mali yake.

Mpe chaguo tatu: mwalimu aongee na darasa yeye asipokuwepo, mwalimu aongee yeye akiwepo, au asiongee mtu. Wadogo wengi hufurahia la pili na hutaka hata kuonyesha kovu. Wakubwa, walio katika umri wa kubalehe, mara nyingi huchagua kimya, au watu wawili tu wajue. Heshimu, ila mweleze kwamba pasipo maelezo uvumi huziba nafasi, na uvumi wa ugonjwa huwa mbaya kuliko ugonjwa. Darasa likielezwa, mambo matatu yanatosha: alikuwa anaumwa nini, kwamba haambukizi, na namna ya kumsaidia bila kumfanya mayai. Kwa watoto wadogo ongeza kwamba hakuna aliyemsababishia. Yupo mtoto kila darasa anayeamini kimoyomoyo kwamba ni kwa sababu walisukumana siku ile.

Kisha mfanye mazoezi ya majibu nyumbani. Nilikuwa najifanya mtoto mkorofi na yeye anajibu. "Mbona huna nywele?" "Dawa ziliziondoa, zinarudi." "Utakufa?" Hili lilitukwamisha jioni nzima. Mwishowe alichagua mwenyewe: "Natibiwa. Tucheze." Hakuwahi kuulizwa, lakini kuwa na jibu mfukoni kulimpa ujasiri.

Kama ana ndugu katika shule hiyohiyo, ongea naye pia. Huyo ndiye anayeulizwa kila siku "ndugu yako anaendeleaje" na hakuna anayemuuliza yeye.

Hatua ya 6: Panga saa kabla ya kupanga siku

Anza na saa mbili au tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, kisha ongeza. Chagua saa ambazo huwa na nguvu. Kwa wengi ni asubuhi, lakini wapo ambao dawa za usiku huwaamsha na kichefuchefu, na hao waanze baadaye. Hakikisha muda aliopo unagusa mapumziko. Watu wazima hupenda kumpa mtoto vipindi vya Hisabati na Kiswahili kisha kumchukua, wakati urafiki wote unajengwa uwanjani.

Kanuni yetu ilikuwa kuondoka angali na nguvu. Akibaki hadi aishiwe, kesho haji, na keshokutwa huenda haji. Tuliongeza saa baada ya wiki moja au mbili, kwa kipimo kimoja tu: je, asubuhi inayofuata ameamka vizuri? Usiongeze kwa sababu leo alikuwa na siku nzuri sana. Siku nzuri huwa na deni.

Uchovu huu si wa kulala ukaisha. Mwalimu aambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu mtoto aliyecheza saa nne na kulaza kichwa mezani saa sita anaonekana mdanganyifu. Kumbe zile alizochezea ndizo zilizokuwa nguvu zake za siku.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Ifanye fupi na ya kawaida. Mpeleke wiki iliyotangulia akazunguke shule ikiwa tupu, aone darasa na msalani. Siku hiyo mkabidhi kwa mwalimu mnayewasiliana naye, aga mara moja, ondoka. Kusimama dirishani hakumsaidii, mimi nilisimama.

Hatua ya 8: Wiki ya tatu

Weka kikao cha pili kwenye kalenda siku ileile ya kikao cha kwanza, kiwe kati ya wiki ya tatu na ya nne, kabla hujaona shida. Kwa muda huo andika kila jioni mistari miwili: alilala saa ngapi, alilalamikia nini, kazi ya nyumbani ilichukua muda gani. Kazi ya dakika 15 ikimchukua saa nzima kila siku, hilo ni jambo la kupeleka kikaoni. Mpelekee na daktari.

Tumbo la asubuhi litakuja, karibu kila nyumba. Usikimbilie kusema anadeka, wala usikimbilie kumbakiza. Pima joto, angalia kama linaisha mwishoni mwa wiki, muulize ni kipindi gani anachokiogopa. Likiwa la Jumatatu hadi Ijumaa tu, mara nyingi lina mtu au somo nyuma yake. Mwanangu aliogopa kusoma kwa sauti, kwa sababu dawa zilikuwa zimemfanya apate kigugumizi kidogo na mmoja akamcheka. Lilitatuliwa na mwalimu kwa siku moja. Nilikuwa nimelitafuta wiki mbili kwenye vipimo vya damu.

Jichunguze na wewe. Simu tatu kwa siku kwenda shuleni zinamwambia mtoto kwamba shule ni hatari. Mkubaliane mwalimu atume ujumbe mmoja mchana, basi.

Kukariri darasa au kupanda?

Swali hili halina jibu moja, nami nitasema upande wangu. Pengo la masomo mengi huzibika kwa msaada wa mwaka mmoja. Pengo la marafiki ni gumu zaidi. Kwa hiyo kama mtoto ana msingi wa kusoma na kuhesabu na ana wenzake wa kumpokea, ningempandisha pamoja nao na kumtafutia vipindi vya ziada vifupi. Akikosa zaidi ya mwaka, au kama alikuwa darasa la kwanza na hakuwahi kujifunza kusoma, kukariri kunaweza kumpa nafasi ya kupumua. Lolote mtakaloamua, liamuliwe akiwa anasikia, wala lisiitwe "kufeli".

Hatua ya 9: Kila mwalimu mpya ni mwanzo mpya

Mwaka ukiisha, mwalimu aliyejua yote anabaki nyuma. Anayefuata anamwona mtoto mwenye nywele tele, mwandiko mbaya na majibu ya polepole. Usitegemee kwamba wameambiana. Kila mwanzo wa mwaka, na kila anapohamia shule nyingine, ukurasa wa Hatua ya 3 uandikwe upya: ondoa kilichopona, ongeza kilichojitokeza, kisha uupeleke mwenyewe kabla ya siku ya kwanza ya masomo.

Omba hospitali ikupe pia muhtasari wa matibabu: ugonjwa, tarehe, majina ya dawa na jumla ya dozi, mionzi ilipigwa wapi, upasuaji gani ulifanyika. Tengeneza nakala tatu. Moja ikae nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini, na moja itunziwe mtoto mwenyewe. Wangu alikabidhiwa yake alipotimiza miaka 14, akaisoma yote, akauliza sisplatini ni nini na kama yeye aliwahi kupewa. Hakuwahi. Mwaka uliofuata alikwenda kumwona mwalimu mpya peke yake, na karatasi yake mkononi.